Kadi Iliyokutwa Mfukoni mwa Hussen

Kila Hussen aliporudi kutoka safari, mkewe Saida alimchemshia maji ya kuoga. Kisha alimpikia ugali na samaki wa mto Ruvu. Hussen alikuwa dereva wa lori kubwa. Alibeba mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Zambia na Kongo, na huko njiani alikula chipsi mpaka akazichukia. Alipokuwa anakula, Saida alianza kufua nguo zake. Kabla ya kufua alikagua mifuko yote.

Siku moja katikati ya Novemba 2021, Saida alikuta kadi ngumu katika mfuko wa shati. Ilikuwa na jina la mumewe na mhuri. Alitoka nayo uani, mikono ikiwa na povu.

"Baba Saburi, hii nini?"

"Kadi ya chanjo ya korona."

"Umechanjwa?"

Hussen alicheka. "Nikuahidi, halafu nichanjwe? Hiyo ni karatasi tu. Tajiri mwenye lori kasema dereva asiye na kadi hapewi gari. Nilimtumia mtu picha ya kitambulisho changu, nikaondoka zangu safari. Nimerudi, nimeikuta tayari."

"Na sindano?"

"Sindano imebaki kwenye chupa."

Saida alishusha pumzi. Yeye ndiye aliyemwomba mumewe asichanjwe. Nyumba yao ilikuwa Mbwawa, Kibaha, na wanawake wa mtaani walisema kwamba chanjo inakausha uzazi. Saida na Hussen walikuwa na mtoto mmoja tu, Saburi, mwenye miaka kumi na minne. Baada yake, mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Saida alitaka kujaribu tena. Hakumuuliza nesi wala daktari. Alimwambia mumewe tu, "Subiri kwanza nipate mtoto." Hussen alikubali.

Tarehe 12 Desemba Hussen alirudi akikohoa. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mnene, na mwenye presha. Saida alichemsha majani ya mwarobaini na mchaichai. Hussen alijifunika blanketi, akajifukiza asubuhi na jioni. Siku ya tatu alishindwa kumaliza sentensi bila kupumzika.

"Twende hospitali," Saida alisema.

"Nikafanye nini?" Hussen alihema. "Watauliza chanjo. Kadi inasema nimechanjwa. Wakigundua, kazi sina."

Walikaa siku mbili zaidi. Walipofika hospitali, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Daktari alimwekea oksijeni, akampima. Alikuwa na korona.

"Umechanjwa?" daktari aliuliza.

Hussen alimtazama mkewe. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Saida alikuwa amesimama pembeni ya kitanda. Hakusema neno.

Hussen alifariki alfajiri ya tarehe 20.

*

Walimzika kwao, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kisarawe. Saida alikaa eda katika nyumba ya mama mkwe wake, Bi Sikuzani. Kwa mila na dini yao, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Alipewa chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama baraza. Kila lililosemwa barazani alilisikia.

Kaka mkubwa wa marehemu aliitwa Mwishehe. Yeye ndiye aliyepokea mfuko wa nguo kutoka hospitali. Ndani ya shati aliikuta ile kadi. Aliisoma kwa sauti mbele ya wanaume.

"Alichanjwa tarehe 9 Novemba. Amekufa tarehe 20 Desemba. Siku arobaini na moja! Mnataka ushahidi gani tena?"

Saida alisikia. Angesema nini? Kwamba mume wake alidanganya? Maiti hasemwi vibaya, na marehemu aliyezikwa juzi asemwe na mkewe mwenyewe? Na wakimuuliza kwa nini Hussen alikataa sindano, angejibu kwamba yeye ndiye aliyemkataza.

Siku ya kuanua tanga alikuja mtani. Wazaramo, kabila la Hussen, na Wanyamwezi ni watani tangu zamani. Msibani mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu na kumcheka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Bi Wema, Mnyamwezi aliyeuza dagaa pale kijijini, alivaa kofia ya Hussen na shati lake. Alishika kipande cha boksi kama kadi. Alitembea katikati ya watu, akinguruma kama lori.

"Pisheni, pisheni! Nimevuka mpaka wa Tunduma kwa kadi hii! Nimevuka Kasumbalesa, nimeingia Kongo kwa kadi hii! Sasa nimefika kwa malaika. Wameniuliza, 'Cheti kiko wapi?' Nimewaonyesha. Wakasema, 'Aah, umechanjwa? Basi pita moja kwa moja, hapa ndio mwisho wa safari!'"

Watu walicheka mpaka wakatoa machozi. Mwishehe alicheka. Hata Bi Sikuzani alitabasamu chini ya khanga, kwa mara ya kwanza tangu mwanawe afe. Ndiyo kazi ya mtani.

Lakini mzaha ule haukuishia msibani. Kesho yake watoto waliuigiza njiani. Kesho kutwa ulifika kisimani na sokoni. Kufikia wiki ya pili, waliousimulia hawakusema tena kwamba ni mzaha. Walisema, "Mtoto wa Bi Sikuzani alichanjwa akafa. Kadi ipo."

Nesi wa zahanati ya kijiji aliitwa Marselina. Kabla ya msiba alikuwa ameandikisha watu sitini na mmoja waliotaka chanjo. Alitembea nyumba kwa nyumba kuwakumbusha. Watu arobaini na watatu walimwambia afute majina yao.

Mmoja wao alikuwa Bi Maua, dada wa Bi Sikuzani. Alikuwa na miaka sabini na moja, na alikuwa na presha.

"Shikamoo, bibi," Marselina alimsalimia. Walikuwa barazani kwa Bi Sikuzani, chini ya dirisha la Saida.

"Marahaba, mwanangu. Lakini kama umekuja kwa ile sindano, jina langu toa."

"Bibi ulikuwa wa tatu kujiandikisha."

"Nilikuwa sijamzika Hussen."

Mwishehe alikuwepo. "Nesi, tuambie ukweli. Mwaka jana tuliambiwa tujifukize, ugonjwa umekwisha. Mwaka huu tunaambiwa upo na tuchanjwe. Tumsikilize nani?"

"Hilo ni swali halali," Marselina alisema. "Mkiwa na wasiwasi, sishangai."

"Halafu mnatuwekea fomu tutie saini. Ukinywa panadol unatia saini?"

"Ukifanyiwa upasuaji unatia saini. Fomu ya ridhaa inaonyesha kwamba hukulazimishwa. Unaweza kuisoma ukakataa."

"Wanasema ukichanjwa, balbu ukiigusisha begani inawaka."

"Ingekuwa hivyo, kaka, mimi nisingenunua umeme wa luku tangu Agosti."

Watu wawili walicheka. Mwishehe hakucheka. "Na Hussen?"

Marselina alimgeukia. "Sijui. Chanjo haimkingi kila mtu. Wachache waliochanjwa bado wanaugua sana, hata kufa. Wasiochanjwa wanaokufa ni wengi zaidi. Lakini kuhusu Hussen mwenyewe, sina habari zake za hospitali. Siwezi kusema nisichokijua."

"Basi sisi tunakijua," Mwishehe alisema, na mazungumzo yakaisha.

Nyuma ya dirisha, Saida alikaa kitandani ameshika magoti. Aliyekuwa na habari za Hussen alikuwa yeye peke yake.

*

Tarehe 8 Januari Bi Maua alianza homa. Walimchemshia majani. Tarehe 11 walimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Tarehe 13 aliletwa nyumbani amefunikwa. Ilikuwa korona.

Tangu tanga la Hussen lilipoanuliwa zilikuwa zimepita siku ishirini.

Bi Sikuzani aliingia chumbani kwa Saida baada ya mazishi. Alikuwa na miaka sitini na sita, na sukari ilikuwa imeanza kumharibu macho. Alijikalisha sakafuni taratibu.

"Mwanangu kaondoka. Dada yangu kaondoka," alisema. "Mmoja kachanjwa kafa. Mmoja hakuchanjwa kafa. Sasa mtu afanye nini, mwanangu? Niambie wewe uliyesoma mpaka kidato cha nne."

Saida alitaka kujibu. Usiku kucha hakulala, na asubuhi alimtuma Saburi kumwita nesi.

Marselina alikuja na mashine ya kupimia presha, ili isionekane ajabu. Alifunga mlango. Saida alimweleza kila kitu: kadi, ahadi, hospitali, kule kutikisa kichwa. Alisema yote bila kulia, akitazama ukuta.

Marselina hakumlaumu. Hakumbembeleza pia. Aliuliza, "Una kitu cha kuonyesha? Neno lako mimi ninaliamini. Lakini Mwishehe atasema unamtetea nesi."

"Kitu gani?"

"Kadi ina tarehe. Tarehe 9 Novemba Hussen alikuwa wapi?"

Saida alifikiri. Kisha aliinuka, akafungua begi la marehemu, akatoa pasipoti yake. Walikaa pamoja kitandani, wakafunua kurasa. Mhuri wa kutoka Tunduma, mpakani na Zambia, ulikuwa wa tarehe 6 Novemba. Mhuri wa kurudi ulikuwa wa tarehe 15.

Marselina aliusoma mara mbili. "Siku kadi ilipoandikwa, alikuwa nje ya nchi. Hakuna mkono uliochomwa."

"Kwa hiyo aliyeandika kadi alijua."

"Alijua. Huyo nitamripoti kwa mganga mkuu wa wilaya. Ni kosa la jinai. Lakini hilo halitawafikia watu wa barazani. Wao watakusikiliza wewe, au hawatasikiliza kabisa."

Saida aliuliza jambo alilokuwa amelificha muda mrefu. "Dada, ni kweli inakausha uzazi?"

"Hapana. Wamefuatilia wanawake maelfu waliochanjwa. Wamebeba mimba kama wale ambao hawakuchanjwa."

"Basi nilimkataza bure."

"Ulimkataza kwa kuogopa. Hukuuliza. Ndivyo ilivyokuwa."

"Kama angechanjwa, angepona?"

"Hakuna anayeweza kukuambia hivyo. Angekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Ningesema zaidi ya hapo, ningekudanganya."

*

Siku ya arobaini ya Hussen ilisomwa hitima. Watu walikula pilau. Wanaume walikuwa barazani na chini ya turubai, wanawake ndani na ukumbini. Kabla watu hawajaondoka, Saida alisimama kwenye mlango wa chumba chake. Alijifunika mpaka usoni. Mkononi alikuwa na pasipoti na ile kadi, ambayo Mwishehe alikuwa ameiacha kwa Bi Sikuzani.

"Shemeji Mwishehe," aliita. "Naomba neno."

Kelele zilipungua. Mjane kusema mbele ya wanaume siku kama ile si kawaida.

"Sema, shemeji."

"Hussen hakuchanjwa."

Aliinua kadi juu.

"Kadi aliandikiwa na mtu. Yeye alikuwa Zambia. Tarehe ziko hapa, atakaye asome. Alikataa sindano kwa sababu mimi nilimwomba akatae. Nilitaka mtoto. Hospitali daktari alimuuliza, akadanganya, nikanyamaza. Hapa mkasema chanjo imemuua, nikanyamaza. Mama mkubwa Maua akafuta jina lake, mimi nipo dirishani pale, nikanyamaza."

Mwishehe alisimama. Sahani ilianguka. "Wewe mwanamke! Ndugu yangu yuko kaburini, unamwita mwongo mbele ya shehe? Nani amekufundisha? Huyo nesi?"

"Nimejifundisha mwenyewe."

"Toka mlangoni! Mfiwa hasemi hivyo!"

Hapo Bi Wema aliinuka kutoka kati ya wanawake. Safari hii hakuwa na kofia wala shati la mtu.

"Tulia, mtani wangu," alisema. "Msibani anayeruhusu maneno ni mtani. Mimi nilisema uongo hapa mkacheka mpaka mkashika mbavu. Yeye anasema kweli mnanuna? Leta hiyo pasipoti. Kama kusoma hamwezi, semeni."

Mwishehe aliichukua pasipoti. Aliweka kadi juu yake. Alisoma muda mrefu. Kisha aliviweka vyote mkekani, akatoka, akapita kati ya watu bila kuaga.

Hakuna aliyempongeza Saida. Wanawake wawili wa ukoo walihama upande wake wa ukumbi. Mmoja alisema, si kwa kunong'ona, "Kamuua mume, kamuua na mama mkubwa." Saida alirudi chumbani, akafunga mlango.

Siku tatu Bi Sikuzani hakumsemesha. Chakula cha Saida kililetwa na Saburi. Siku ya nne mzee yule aliingia mwenyewe.

"Ungesema mapema," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Maua angekuwa hai?"

"Sijui, mama. Labda."

Bi Sikuzani alipangusa chozi kwa ncha ya khanga. "Mwite huyo nesi. Nina maswali yangu."

Marselina alikuja. Bi Sikuzani aliuliza bila kuharakisha.

"Nina sukari. Hiyo sindano haitaniua?"

"Mwenye sukari ndiye anayeihitaji zaidi, mama. Korona inawaumiza sana wazee na wenye sukari na presha."

"Madhara yake?"

"Mkono utauma. Unaweza kupata homa na uchovu siku moja au mbili. Yapo madhara makubwa, lakini ni ya nadra sana. Katika kila watu milioni moja waliopata chanjo hii, wachache damu iliwaganda. Ndani ya wiki tatu ukiona kichwa kinauma sana bila kuacha, mguu umevimba, kifua kinabana au tumbo linauma sana, usisubiri. Njoo siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo hatari ipo."

"Ipo, ndogo. Na ya kutochanjwa ipo, kubwa. Sikuambii hakuna hatari. Nakuambia ipi ni kubwa."

"Nikichanjwa sitaugua?"

"Unaweza kuugua. Lengo ni usiugue mpaka ukalazwa."

Bi Sikuzani aliangalia mikono yake. "Huyu anasema kama mtu anayepima mchele," alimwambia Saida. "Hazidishi." Kisha akamgeukia nesi. "Jumanne nitakuja."

Jumanne alienda. Alisomewa fomu, akaweka dole gumba. Usiku alipata homa, asubuhi ikapungua. Wiki zilizofuata watu wengine walimfuata. Katika wale arobaini na watatu waliofuta majina, thelathini na mmoja walirudi. Kumi na mmoja walikataa kabisa. Wa mwisho alikuwa Bi Maua.

Julai Bi Sikuzani alipata korona. Alikohoa siku sita, akalala kitandani, hakulazwa. Marselina alipoulizwa kama chanjo ndiyo iliyomwokoa, alijibu kwamba mgonjwa mmoja hathibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kuhesabu wengi. Na waliohesabiwa, kila nchi, walionyesha jambo lile lile: waliochanjwa walikufa wachache kuliko wasiochanjwa.

*

Saida alikuwa amerudi Mbwawa eda ilipoisha, mwishoni mwa Aprili. Alichanjwa yeye mwenyewe katika kituo cha afya cha karibu. Mwishehe hakumpigia simu hata mara moja, wala hakumwita Saburi wakati wa Idi.

Asubuhi moja ya Agosti aligongewa mlango. Alikuwa Mwishehe, amevaa kanzu ya safari. Hakukaa alipopewa kiti.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Karibu."

"Sijaja kukusamehe."

"Sijakuomba."

Mwishehe alitazama ukuta, penye picha ya mdogo wake. "Nimepimwa juzi. Presha. Kama ya Hussen, kama ya mama mkubwa. Mwenye presha anachanjwa?"

"Mama ana sukari, alichanjwa. Lakini mimi si mganga. Twende tukamuulize anayejua."

"Kule kijijini siwezi. Wataniona."

Saida alifunga mlango wakaenda. Mganga wa zamu alimpima Mwishehe, akamuuliza dawa anazotumia, akamweleza kwa utaratibu. Mwishehe alisoma fomu yote, mstari kwa mstari. Alitia saini. Alikunja mkono wa kanzu, akatazama pembeni sindano ilipoingia. Waliambiwa wakae dakika kumi na tano kwanza. Walikaa kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Ukirudi utasema?" Saida aliuliza.

"Kusema nini?"

"Kwamba umechanjwa."

"Hilo ni langu."

"Ni lako. Wale kumi na mmoja waliokataa wanakaa kwenye baraza lako kila jioni. Wanasema, 'Hata Mwishehe hakuchanjwa.' Nilinyamaza siku ishirini, shemeji. Zilitosha kumzika mtu mmoja."

Mwishehe alisugua bega. Benchi la mbele mtoto alikuwa analia, mama yake anamnyonyesha. Kisha Mwishehe alitoa simu mfukoni, akampigia mkewe.

"Uko wapi? Barazani? Na nani?" Alisikiliza. "Wote wapo? Vizuri. Weka spika."